Kabla ya Soko, Tafuta Watu

Ndugu zangu mnaofunga mabegi kwenda Guangzhou kuchukua mzigo kwa mara ya kwanza, haya nimeyapata kwa rafiki yangu aliyetangulia mbele ya haki. Alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, na Dubai, Istanbul na China alizijua mtaa kwa mtaa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Akifika mji, hakuanzia sokoni. Guangzhou alianzia Msikiti wa Huaisheng, ule wenye mnara mrefu wa kale, hasa siku ya Ijumaa. Baada ya sala aliwasalimia watu mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, ndipo akauliza wakala yupi wa mizigo anaaminika na yupi simu yake haipokelewi tena. Mkristo naye analo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini humohumo. Habari za namna hii huzipati kwenye Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya mjini humo, hata uyazunguke Aprili na Oktoba.

Ukilala hotelini, hoteli itakuandikisha polisi. Ukifikia kwa jamaa, nenda kituoni mwenyewe ndani ya saa 24. Usiahirishe.

Mkiwa watatu au zaidi, mteueni mmoja awe kiongozi wa safari, kama Mtume (s.a.w.) alivyotufundisha. Rafiki yangu alilishika sana hili. Kiongozi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ratiba na fedha ya pamoja, na kwa kweli mabishano mengi ya njiani huishia hapo.

Kiwandani alikuwa mpole ila hapelekeshwi. Mara nyingi hutakiwa asilimia 30 kuanza kazi, na salio kabla mzigo haujapakiwa. Yeye salio hakulitoa mpaka aingie godauni. Katoni ya juu aliyofunguliwa aliitazama tu, kisha akainama, akaomba ivutwe ya chini kabisa, akakagua mishono ya nguo kwa kidole, polepole, mwenye kiwanda akisubiri.

Akiugua Mtanzania asiye na ndugu, mchango wake ulitangulia, hata wiki ambayo mzigo wake umekwama bandarini. Kwa sababu hiyo watu walimwamini na bahasha za kupeleka nyumbani. Nanyi mtapewa. Hesabuni fedha mbele ya mwenyewe, mwandike kiasi na jina la mpokeaji, naye atie saini. Mkishafika Dar es Salaam, pelekeni amana za watu kwanza, mizigo yenu baadaye.