Kabla hujamwachia fundi Xbox yenye draivu mbovu, soma hapa

Mleta mada, subiri. Kama hela bado iko mfukoni, ibaki hukohuko mpaka umalize kusoma.

Nimekuelewa hivi: kaka yako amehamia Muscat, kakuachia diski thelathini na kitu, nyingi gemu za Xbox One, mashine ya gemu ya Microsoft, na nyingine filamu za Blu-ray. Mashine kaondoka nayo. Sasa muuzaji kakuwekea mbili mezani. Moja ni Xbox One S ambayo draivu, yaani kifaa cha ndani kinachosoma diski, imekufa, na anakwambia "draivu ni kitu kidogo, fundi anakubandikia nyingine." Ya pili ni Xbox Series S, ambayo haina tundu la diski kabisa, na anakwambia utachomeka draivu ya nje kwa USB.

Hayo maneno ya "draivu ni kitu kidogo" niliuziwa mimi mwaka 2018, Kariakoo, na muuzaji aliyeniangalia usoni bila kupepesa. Nilivyoyaona kwenye mada yako nimeshindwa kula.

Mashine yenyewe, Xbox One pia, niliichukua kwa laki tatu na nusu. Ilikuwa nyeupe, safi, inawaka, menyu inafunguka, pedi inashika. Ukiingiza diski inagonga mara mbili ndani, kisha inaitema. Muuzaji akasema lensi imechoka tu. Anayetaka kunicheka ajiulize kwanza: mashine inawaka mbele yako, bei ni karibu nusu ya nzima, na kasoro ni moja na ina jina. Nani angeiacha?

Nikaagiza draivu ya modeli ileile kwa jamaa anayeleta vitu kutoka Dubai. Laki na themanini, wiki tatu kuisubiri. Ilipofika nikaipeleka kwa fundi ambaye redio na deki anazitengeneza vizuri sana, hilo simnyimi. Nilikaa pembeni ya meza yake nikitazama. Akafungua skrubu kwa bisibisi ya nyota, akainua draivu ya zamani, akachomoa waya mbili, akaweka mpya, akarudisha waya, akafunga. Haikufika saa nzima. Draivu ya zamani akaichambua palepale: mota akaweka kwenye kopo lake la mota, na ile bodi ndogo ya kijani iliyokuwa chini ya draivu akaitupa kwenye ndoo pamoja na vipande vya risasi ya kuchomelea na maganda ya waya. Niliiona ikiingia kwenye ndoo. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka hapo, sikunyanyua hata mkono.

Ndugu yangu, ile bodi ndogo ndiyo ilikuwa mashine.

Nyumbani nikaingiza gemu. Haikugonga tena, diski ikazunguka vizuri kabisa, na gemu haikufunguka. Nikaingiza nyingine, ikawa vilevile. Nikafuta, nikazima, nikachomoa umeme usiku mzima. Nikarudi kwa fundi, akasema draivu niliyoletewa ni mbovu. Jamaa wa Dubai akasema draivu ni nzima, fundi ndiye kaharibu. Wote wawili walikuwa wanabahatisha, na mimi nikaagiza draivu ya PILI. Laki na themanini nyingine. Majibu yakawa yaleyale.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa Mombasa anayetengeneza mashine za gemu tu, hagusi kitu kingine. Swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa: "Bodi ya draivu ya zamani unayo?" Nikamwambia ilitupwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi pole, kaka."

Nieleze alivyonieleza, maana wauzaji wetu hawalisemi hili, ama hawalijui ama hawataki kulijua. Draivu ya Xbox One si kama ile ya kompyuta unayochomoa hapa ukachomeka pale. Kiwandani, bodi ndogo ya draivu na bodi kuu ya mashine huoanishwa kwa ufunguo wa siri, na kila jozi ina ufunguo wake. Ukiweka draivu ngeni, bodi kuu inaiuliza siri, haina jibu, na diski ya gemu haikubaliwi hata kama lensi inaisoma vizuri. Sababu ni wizi wa gemu. Mashine inataka kuwa na hakika kwamba anayeiambia "diski hii ni halali" ni mtu wake, maana draivu iliyochezewa inaweza kudanganya.

Xbox 360 ilikuwa na tabia hiyohiyo. Ukiiwekea draivu isiyo yake, ilikuwa inakubali filamu ya DVD na CD ya muziki, lakini ukiweka gemu ya Xbox 360 inakwambia diski hii iweke kwenye Xbox 360. Ndani ya Xbox 360! Watu walidhani mashine imerukwa na akili. PS3 na PS4, yaani PlayStation za Sony, nazo bodi ya draivu imefungamana na bodi kuu. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hubadilisha lensi na mota, au huchukua ile bodi ya zamani akaihamishia kwenye draivu mpya ya modeli ileile. Bodi inabaki, mwili ndio unaobadilika. Angenifanyia hivyo yule wa kwanza, ningelipa laki na themanini moja na leo ningekuwa nacheza.

Piga hesabu: laki tatu na nusu, laki na themanini mara mbili, na hela ya fundi. Zaidi ya laki saba kwa mashine isiyofungua diski ya gemu hata moja, wakati nzima ningeipata kwa pungufu ya hapo. Na muuzaji nilipomrudia akaniambia, "Wewe ulisema unajua fundi." Sijakanyaga tena duka lile.

Sasa hiyo habari ya USB. Mtu anayeuza Series S kwa ahadi ya draivu ya nje anakuuzia kitu ambacho hakipo. Xbox One na Series S hazipokei draivu ya diski ya nje, si kwa gemu wala kwa filamu. Utachomeka, taa ya draivu itawaka, na mashine haitaishughulikia. Na diski za kaka yako hazigeuki kuwa gemu za kupakua. Kwenye Series S utazinunua upya zote.

Usidhani ni suala la waya au nguvu ya umeme. Kusoma diski ni vitu viwili: jicho na ruhusa. Jicho ni lensi na miale yake. DVD inasomwa kwa mwale mwekundu wa nanomita 650, data ikiwa imefunikwa na plastiki ya milimita 0.6. Blu-ray ni mwale wa buluu wa nanomita 405, na data iko milimita 0.1 tu kutoka uso unaosomwa, kwa hiyo lensi lazima iwe kali zaidi na ikae karibu zaidi. Jicho la DVD haligeuzwi kuwa la Blu-ray kwa kusasisha programu. PS3 yenyewe, iliyotoka Novemba 2006, ilichelewa Ulaya hadi Machi 2007 kwa sababu vifaa vya huo mwale wa buluu vilikuwa havitoshi.

Ruhusa ndiyo inayowashangaza watu. Xbox ya kwanza kabisa, ya 2001, gemu zake zilikuwa kwenye DVD. Jicho ilikuwa nalo. Lakini filamu ya DVD ilikuwa haikuonyeshi mpaka ununue rimoti na kipokezi chake kwa dola 29.99, maana ada za leseni za DVD zilihamishiwa kwenye kifurushi hicho badala ya bei ya mashine. PS2 ilikuwa inaonyesha DVD tangu siku unaitoa kwenye boksi. Nintendo wao walikwepa kabisa: mashine yao ya Wii ilitumia diski za ukubwa wa DVD na haikuonyesha filamu, na ilipokuja Wii U, mkuu wao Satoru Iwata alieleza mwaka 2011 kwamba gharama zinazotokana na hataza (haki za wavumbuzi) za DVD na Blu-ray hazikustahili, kwa kuwa watu wengi tayari walikuwa na vifaa vya kuonyesha. Filamu za Blu-ray nazo zimefungwa kwa funguo za siri za kuzuia kunakili, ziitwazo AACS, na mashine isiyopewa funguo hizo haifungui hata ikiwa na jicho zuri kiasi gani. Xbox One yenyewe, yenye draivu ya Blu-ray, inabidi uipakulie programu ya Blu-ray kwanza ndipo ionyeshe filamu. Ni bure, lakini bila intaneti ya kuanzia huoni kitu.

Na kama unadhani kiongezeo cha kiwandani kingekuwa na usalama, kumbuka Xbox 360. Sony waliweka Blu-ray ndani ya PS3, Microsoft wakasimama upande wa HD DVD, diski iliyokuwa ikishindana na Blu-ray, na kuuza draivu ya nje kwa dola 199, Novemba 2006. Ile ilikuwa ya USB kweli, na ilifanya kazi kweli, kwa filamu tu. Gemu zilibaki kwenye DVD, maana huwezi kumtengenezea gemu mtu ambaye huenda hana kiongezeo. Ndiyo maana gemu ya Final Fantasy XIII ilikuja diski tatu kwenye Xbox 360 na moja kwenye PS3. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba, waliokuwa nyuma ya HD DVD, wakatangaza kuachana nayo, Microsoft wakasimamisha draivu yao, na zilizobaki zikashushwa hadi dola 49.99. Waliokuwa wakingoja ya Blu-ray kwa Xbox 360 walingoja bure, haikuja.

Kiongezeo ninachokijua kinachokubali leo ni kile cha PS5 ndogo ya 2023 na PS5 Pro: draivu inauzwa peke yake na Sony, unaipachika mwenyewe, na mara ya kwanza mashine lazima iwe kwenye intaneti ili zitambuane. PS5 ya kidijitali ya 2020 haimo. Na PS5 haitacheza gemu za Xbox za kaka yako, kwa hiyo hata hilo halikuhusu.

Kwako wewe njia iko moja tu: Xbox yenye draivu nzima, kama One S au Series X, na uende dukani na diski zako mwenyewe. Beba gemu mbili na Blu-ray moja. Waambie waunganishe na intaneti. Ingiza, subiri gemu ifike menyu kuu, itoe, ingiza nyingine. Akisema "intaneti leo haipo," au "diski yako ina mikwaruzo," aga. Usitoe hela kwa mashine ambayo hujaiona ikisoma diski YAKO. Filamu za Blu-ray zitazame nyuma ya kasha pia: zenye herufi B ndizo za kanda yetu ya dunia, na Oman nao ni B, ila kama kaka alinunua za Marekani zitakuwa A na zinaweza kukataa. Blu-ray za 4K, zile za picha kali zaidi, hazina kanda.

Nimesoma tena ulichoandika, nimeona umesema ile One S "iko kwa fundi anaiangalia." Mpigie sasa hivi, usingoje kesho. Mwambie asitupe kitu chochote kilichotoka ndani ya draivu, hasa bodi ndogo ya kijani. Ikiwa ameshaifungua, nenda uichukue kwa mkono wako, uifunge kwenye karatasi, uiandike jina.