Ulizeni Tuwajibu: Karatasi ya kulika kutokana na muhogo na embe

SWALI: Mhariri, mimi ni muuzaji wa kashata hapa Tanga. Kwa miaka mingi nimezifunga kashata zangu za karanga na nazi kwa nailoni nyembamba, na wateja wakishakula, nailoni huishia barabarani na mitaroni. Nilisikia kwamba unga wa muhogo ukichanganywa na tunda hutoa karatasi ambayo mtu huila pamoja na kashata yenyewe. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilipika uji wa unga wa muhogo na embe dodo lililosagwa, nikaumimina kwenye sinia na kuuanika. Ulipokauka ulipasukapasuka kama tope la kiangazi, na vipande viling'ang'ania sinia. Mara ya pili niliongeza sukari. Haikupasuka, lakini haikukauka pia; ilinata vidoleni hadi siku ya tatu, ilipoanza kunuka pombe. Nimekosea wapi?
Mama Kashata, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Ulikuwa karibu na lengo kuliko unavyodhani, na tungependa usiache. Tuanze na unga, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipoharibika mapema. Unga wa muhogo una nyuzinyuzi za mzizi mzima, nazo huvunja karatasi kila zinapokaa. Unachohitaji ni wanga wenyewe. Menya muhogo mtamu, ukune, uukande ndani ya maji mengi, kisha uchuje kwa kitambaa safi kama unavyochuja tui. Acha maji hayo meupe yatulie saa 3 au 4, mwaga maji ya juu, ongeza mengine, koroga, na uache yatulie tena. Utakaobaki chini ni wanga mweupe mzito, ambao ukiusugua kati ya vidole unatoa sauti ya kukwaruza. Kuosha huko kuna faida nyingine: sumu ya asili ya muhogo huyeyuka katika maji, kwa hiyo sehemu kubwa huondoka na maji unayomwaga. Hata hivyo, kaa mbali na muhogo mchungu, kwa sababu sumu yake ni nyingi zaidi na kazi hii ni ya chakula.

Kuhusu kupasuka, bila shaka umewahi kuona kofia au kanzu iliyotiwa wanga mwingi: inasimama wima, lakini ukiikunja kwa nguvu inaacha mstari usiofutika. Wanga ukipikwa hunyonya maji na kuvimba, na maji yakiondoka nyuzi zake hushikana kwa nguvu mno, ikapatikana karatasi ngumu isiyokubali kukunjwa. Kinachohitajika ni kitu cha kukaa katikati ya nyuzi hizo na kuzizuia zisikazane, na kinachotumika sana ni gliserini, kwa kawaida kati ya gramu 20 na 40 kwa kila gramu 100 za wanga. Tafadhali usichukue ile ya kupaka mwilini inayouzwa katika maduka ya vipodozi; ulizia iliyothibitishwa kwa matumizi ya chakula, kwa wauzaji wa viungo vya kuokea keki. Sukari nayo hulainisha, lakini huvuta unyevu wa hewa kwa bidii, na embe bivu tayari lina sukari yake ya kutosha. Ulipoongeza nyingine katika hewa ya pwani, uliiwekea karatasi yako kiu isiyoisha, na hamira za hewani zikapata sukari na maji zikaanza kutengeneza pombe.

Jaribu vipimo hivi, vinavyotosha masinia mawili ya upana wa sentimita 30: maji mililita 350, wanga ule ukishakauka gramu 20, embe lililosagwa na kuchujwa gramu 120, na gliserini gramu 4 au 5. Koroga wanga katika maji baridi kwanza, kisha weka motoni polepole huku ukikoroga bila kuacha. Wanga wa muhogo huanza kuvimba kwenye nyuzijoto 60 hivi, na utajua umeiva pale weupe wa maziwa utakapogeuka kuwa ute unaopitisha mwanga. Hapo tia embe na gliserini, na uache uchemke kidogo, dakika mbili tatu, ili kuua vijidudu. Kama unapenda ndimu kwa ajili ya kuhifadhi rangi, ikamulie baada ya kuepua, maana asidi ikichemshwa na wanga huukata nyuzi zake na karatasi ikawa dhaifu. Engua povu lote: kila kiputo kidogo kitakuwa tundu baadaye.

Sinia la bati lililokwaruzika halifai. Tumia kioo, au sinia la plastiki laini la kiwango cha chakula, lipake mafuta kwa kitambaa hadi libaki likimetameta tu, na hakikisha limekaa sawa juu ya meza, la sivyo upande mmoja utakuwa mnene na mwingine utakuwa utando. Jua la wazi lenye vumbi na nzi tusilipendekeze. Kaushio la sola lenye paa la nailoni nzito, au oveni iliyo kwenye nyuzijoto 50 na mlango ukiwa wazi kidogo, litamaliza kazi kabla uchachu haujaanza. Iko tayari pale kingo zinapoanza kujiinua zenyewe. Ivue taratibu kuanzia pembeni na uinyanyue dirishani: karatasi nzuri ina unene wa karatasi mbili tatu za daftari, rangi yake ni ya manjano inayopitisha mwanga, na ukikunja ncha yake inarudi bila kuvunjika.

Sasa, mama, kuna jambo ambalo wengi hulificha wanapoisifu karatasi hii, nasi tunaona ni wajibu kulisema. Dondoshea tone la maji juu yake na utaona inavimba na kulegea papo hapo. Ni hodari dhidi ya mafuta, na ikiwa kavu huzuia hewa ya oksijeni vizuri, jambo linalofaa sana kashata, kwa sababu ni oksijeni inayofanya mafuta ya karanga na nazi yachache. Lakini dhidi ya unyevu haina nguvu, na Tanga ni mji wa unyevu. Kwa hiyo ifanye nguo ya ndani ya kila kashata. Ziache kashata zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, maana mvuke wake pekee unatosha kuiyeyusha, kisha zipange kumi au ishirini ndani ya kopo lenye kifuniko kinachokaza, uuze kutoka humo. Mikono ya wapita njia isishike karatasi ambayo mtoto ataila. Hutakuwa umeondoa kila kifungashio, lakini badala ya vipande ishirini vya nailoni mtaroni kutakuwa na kopo moja linalorudi nyumbani jioni, na sisi tunaliona hilo kuwa jambo kubwa.

SWALI: Ninauza nyanya na maembe Morogoro na hasara yangu ni kunyauka. Je, ninaweza kuyachovya matunda katika uji huohuo?
Muuza matunda

JIBU: Ndiyo, ila uwe mwepesi zaidi, gramu 2 au 3 za wanga kwa kila mililita 100 za maji, bila embe, na upoe kabla ya kuchovya. Tunda lililochumwa bado linapumua; utando mwembamba hulipunguzia oksijeni, likaiva polepole. Ukizidisha unene utalikaba, nalo litaanza kuchacha kwa ndani na kutoa harufu ya pombe huku ganda likionekana zima. Kwa kuwa wanga peke yake hauzuii maji kutoka, watengenezaji huuchanganya na nta kidogo, ikiwemo nta ya nyuki. Osha na ukaushe matunda kwanza, na usipake lililopondeka, kwa sababu utando hauponyi kidonda. Anza na matunda kumi yaliyopakwa na kumi yasiyopakwa, yaweke pamoja kivulini, uyapime kwenye mizani kila asubuhi.

SWALI: Wanafunzi wangu wanauliza kama wazo hili ni geni, na kama karatasi hii inaweza kuchukua nafasi ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku.
Mwalimu wa sekondari, Dodoma

JIBU: Si geni. Wavietnamu hufungia mboga na nyama katika karatasi nyembamba ya mchele, na Wajapani huengua utando unaojifanya juu ya maziwa ya soya yanayochemshwa na kuula. Kwa upande wa matunda, tangu miaka ya 1990 Tara McHugh na wenzake katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani kilichoko Albany, California, walitengeneza karatasi za matunda yaliyosagwa. Huko Brazil, watafiti wa Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, mjini São Carlos wamezitengeneza kwa mapapai, mapera na nyanya, matunda ambayo wanafunzi wako wanayapata sokoni.

Kuhusu mifuko, jibu ni hapana. Marufuku ya Tanzania iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, kama ile ya Kenya ya tarehe 28 Agosti 2017, ililenga mifuko ya kubebea, na karatasi ya wanga haiwezi kubeba kilo mbili za viazi wala kuvumilia manyunyu. Kazi yake ni ndogo zaidi: kufunga kipande cha kashata, kugawanya vipande vya maembe makavu visishikane, kushika kipimo cha viungo kinachotumbukizwa chunguni na karatasi yake. Darasani mnaweza kuipima. Kateni vipande vilivyo sawa, kimoja kikae ndani ya kopo lenye mchele mkavu, kingine kando ya bakuli la maji chini ya mfuniko, na baada ya siku mbili wanafunzi wavikunje vyote viwili kwa mikono yao.