BSA ya babu: fundi asitoboe flaiwili kwanza

Pole na kazi, kaka. Kama nimekuelewa, injini ya pikipiki ya babu yako, BSA B31, iko chini, pistoni mpya ni nzito kuliko ya zamani, na fundi wa hapo Ngamiani anataka kutoboa flaiwili, lile gurudumu zito la ndani ya injini, ili injini isitetemeke. Mwambie aweke drili pembeni.

Anza na mizani, tena si ya duka la unga. Nenda kwa sonara. Pima pistoni ya zamani pamoja na ringi, pini na klipu zake, kisha mpya vivyo hivyo. Tofauti ya gramu chache kwenye silinda moja isikunyime usingizi. Ikiwa kubwa, apunguze alumini ndani ya pistoni, chini kwenye sketi (ukuta wa chini wa pistoni) palipo nene. Kichwani na kwenye mifereji ya ringi asiguse kabisa.

Ila mimi ningeshuku kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni na kubeba flaiwili, kabla ya uzito. Hiyo ni ya kuunganishwa vipande, na ikifunguliwa kubadilisha beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) hairudi yenyewe kwenye mstari. Ifungwe kati ya senta (ncha mbili za kushikilia) za mashine ya kukerezea, uizungushe taratibu kwa mkono huku dayali geji (kipimo cha sindano) imegusa shafti, upande huu na ule. Sindano ikicheza zaidi ya 0.05 mm, inyooshwe kwa nyundo ya shaba, ipimwe tena. Kazi ya subira hiyo, wengi huiruka.

Kutoboa kuwe mwisho, kwa fundi kereza aliyewahi kuifanya. Chuma kikishatoka hakirudi, na flaiwili iliyodhoofika inaweza kupasuka ukiwa kasi njia ya Muheza.