Mwezi unanyweka vipi?

SWALI: Shikamoo babu. Mwenye duka la vitambaa mtaani kwetu ni Mgujarati, na Jumatatu huiita Somvar. Kaniambia Som ni mwezi, tena ni kinywaji cha miungu. Mwezi unanyweka vipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hakukudanganya. Ila usilichanganye na soma letu la vitabu, hayana udugu. Soma la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, limetokana na kitenzi cha kukamua. Maana yake ni kilichokamuliwa.

Kinywaji hicho kinasifiwa katika Rigveda, mkusanyiko wa tenzi za Kihindu wenye umri wa miaka 3,000 na zaidi. Kitabu cha 9, tenzi 114, karibu chote ni chake. Nami kila nikizipitia namwona marehemu bibi yangu na kifumbu chake cha tui, maana sifa nyingi zimeenda kwenye kazi yenyewe: mabua yanapondwa kwa mawe, maji yake yanachujwa kwenye sufu ya kondoo, yanadondokea chomboni, kisha yanatiwa maziwa au mtindi. Mlio wa kudondoka waliufananisha na ngurumo ya fahali! Bibi angecheka.

Pombe ilikuwa na jina lake, sura, nayo haikupewa heshima hiyo. Indra, mfalme wa miungu, alikunywa soma kabla ya kumuua Vritra, joka lililozuia maji. Wanadamu nao waliimba: "Tumekunywa soma, tumekuwa wasiokufa."

Mmea ulikuwa upi? Mwaka 1968 Gordon Wasson, mtafiti wa uyoga kutoka Marekani, alidai ni uyoga mwekundu. Mimi simfuati, mabua ya uyoga yako wapi? Naegemea wanaotaja efedra, kijiti kisicho na majani, kwa kuwa Waparsi, wenye asili ya Iran, hukitwanga mpaka leo katika ibada, na kinywaji chao huitwa haoma, neno lilelile. Wabrahmani, makuhani wa Kihindu, walipokosa mmea wa asili waliruhusu mbadala. Mwaka 1975 huko Panjal, Kerala, kusini mwa India, ibada ya siku 12 ilifanyika kwa mmea mwingine unaotambaa, na bado ukaitwa soma.

Sasa mwezi. Vitabu vya baadaye vinasema mwezi ni kikombe cha soma. Miungu wanakunywa, unapungua. Unajazwa tena, unakuwa mpevu. Mungu Shiva anaubeba kichwani, ndiyo maana wafuasi wake wengi hufunga Jumatatu. Na huko kwao Gujarat liko hekalu lake, Somnath, Bwana wa Soma. Muulize mwenye duka kama amewahi kufika.