“Ya Mbele Usiguse”: Somo la Kijiweni Lililotaka Kumlaza Mpwa Wangu Chini ya Daladala

Ukitaka kujua mtu alijifunzia wapi pikipiki, usimwangalie akiondoka, mwangalie akisimama. Aliyefundishwa kijiweni utamjua tu: mguu wa kulia unakandamiza breki ya nyuma hadi mwisho, tairi la nyuma linalia, na mkono wa kulia umeshika resi kana kwamba kazi ya kusimamisha chombo haiuhusu. Somo la kijiweni kuhusu breki huwa ni sentensi moja. “Ya mbele usiguse, itakurusha.” Anayefundisha naye alifundishwa hivyohivyo, na kila mtu ana hadithi ya jamaa aliyeminya breki ya mkono, yaani ya mbele, akapaa juu ya usukani.

Hadithi hizo sizikatai. Ninachokataa ni dawa yake.

Mpwa wangu alichoka kugombania daladala asubuhi, akanunua pikipiki aina ya Boxer iliyotumika. Leseni anayo, na kofia ngumu aliyonunua ni nzuri kuliko yangu. Jumamosi moja tukatoka pamoja, yeye mbele mimi nyuma, tukishuka moja ya vile vilima vya barabara ya Goba, hapa Dar, kuelekea Mbezi Mwisho. Mwendo wa kawaida, kama hamsini hivi. Kituoni kulikuwa na daladala imesimama. Tulipoikaribia ikachomoka bila indiketa, ikaziba upande wetu wote.

Nilichokiona kutoka nyuma ni hiki: taa ya breki ikawaka, tairi la nyuma likaganda, yaani likaacha kuzunguka, pikipiki ikaanza kutupa mkia kulia, lakini mwendo haukupungua kama ilivyotakiwa. Kelele nyingi, harufu ya mpira, na daladala ndiyo inazidi kukaribia. Alinusurika kwa sababu dereva wa bajaji aliyekuwa akija upande wa pili aliliona jambo mapema akatoka nje ya lami, na mpwa akapita kati ya bajaji na ubavu wa daladala. Konda akagonga bodi, gari ikaondoka zake. Kijana akasimama mbele kabisa, mikono ikimtetemeka.

“Mjomba, breki hazikushika.”

Zilishika. Tulirudi nikamwonyesha alama nyeusi ya tairi, ndefu, imechorwa kwenye lami. Ila iliyoshika ni moja tu, na ndiyo dhaifu. Jioni tulipofungua magurudumu, breki shuu za nyuma, vile vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu, zilikuwa zimelika hadi karibu na chuma, na za mbele zilikuwa nene kama zimetoka dukani leo.

Sasa kwa nini ya nyuma ni dhaifu? Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na wa kwako hukimbilia mbele. Umeshaliona hilo: shokapu za mbele zinabonyea, na wewe mwenyewe unasogea kuelekea tangi. Tairi la mbele linagandamizwa kwenye lami, la nyuma linapunguziwa mzigo. Tairi lenye uzito juu yake ndilo linaloshika. Kwa hiyo ukifunga kwa nguvu kwenye lami kavu, kazi kubwa, tuseme asilimia 70 au zaidi, inafanywa na breki ya mbele. Ya nyuma ukiikandamiza zaidi haikusaidii zaidi, inagandisha tairi tu, na tairi lililoganda linateleza.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo iliyomwamsha mpwa wangu kuliko mahubiri yangu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha sheria kwenye maeneo ya makazi, ni karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imekula mita 14 na bado hujagusa kitu. Baada ya hapo, anayetumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu atahitaji kama mita 16 kusimama. Anayetegemea mguu peke yake atahitaji karibu mara mbili yake. Tofauti hiyo inaweza kufika urefu wa basi zima la mkoani. Na usidhani mwendo ukiongezeka mara mbili umbali nao unaongezeka mara mbili. Kutoka 30 kwenda 60, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne.

Hili wala si tatizo la Dar peke yake. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa University of Southern California walitoa ripoti ya ajali za pikipiki zipatazo 900 walizozichunguza Los Angeles, wakienda wenyewe eneo la tukio. Walikuta waendeshaji wengi walikuwa wamegandisha tairi la nyuma na kuitumia kidogo mno breki ya mbele. Walikuta pia kwamba muda wa kufanya lolote la kujiokoa, kwa kawaida, ulikuwa pungufu ya sekunde mbili. Na asilimia 92 ya waliopata ajali hizo walikuwa wamejifundisha wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Hiyo ni California! Kumbe vijiwe viko kila mahali.

Hizo sekunde mbili ndizo zinazonifanya niseme kwamba breki ya mbele lazima mkono uijue kabla ya siku ya shida. Kwenye sekunde mbili hakuna mtu anayefikiri. Mkono au mguu utafanya ulichozoea, na mpwa wangu alizoea mguu.

Turudi kwa yule jamaa aliyepaa. Mara nyingi kilichomwangusha ni kunyakua. Mtu ambaye hajawahi kuigusa breki ya mbele, siku anapotishika anaikamata yote kwa mkupuo mmoja, uzito haujafika mbele bado, tairi linaganda, linateleza, analala ubavu. Au aliiminya usukani ukiwa umekata kona. Au alikuwa juu ya mchanga. Breki ileile, ikiminywa taratibu kwanza ili shokapu zibonyee na uzito utulie, kisha ikaongezwa nguvu bila kukatika, inakusimamisha palepale. Ni kama kukamua tui: unaanza kwa kushika, halafu unaminya, halafu unaminya zaidi. Yote hayo ni ndani ya muda mfupi sana, lakini ni hatua, si kunyakua.

Jumapili iliyofuata, alfajiri, tulikwenda kwenye barabara ya mtaa yenye lami, tambarare, kavu, isiyo na magari. Lami ni muhimu. Watu hupenda kufanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule kwa kuwa ukianguka huumii sana, lakini vumbi litakufundisha uongo kuhusu tairi la mbele. Tulianza na mwendo wa 20 tu. Kwanza nilimwambia agandishe ya nyuma makusudi, akiwa amenyooka, ili asikie tairi linavyolegea, kisha aachie. Halafu ya mbele peke yake, kwa kidole na kidole, mpaka akaona kwamba haimrushi. Halafu zote mbili, ya mbele ikiongoza na mguu ukisindikiza. Niliweka ndala zangu barabarani kama alama ya kuanza kufunga, na tukawa tunahesabu hatua kutoka kwenye ndala hadi aliposimama. Hatua zilipopungua, tukapanda hadi 30, kisha 40. Usikimbilie 40 siku ya kwanza kama 20 bado inakutoa jasho.

Mambo mawili yalimsumbua, na naona yanawasumbua wengi. La kwanza ni klachi. Akitishika, kitu cha kwanza anachokamata ni klachi, kwa hofu ya injini kuzima. Ukikamata klachi mapema umeiachia pikipiki huru, injini haikusaidii tena kupunguza mwendo. Rudisha resi, funga breki, klachi ifuate karibu na mwisho. Kwenye dharura injini ikizima, izime. La pili ni macho. Alikuwa anaziangalia ndala. Pikipiki huenda yanakoangalia macho, na ukikodolea bampa ya daladala utaenda kwenye bampa. Inua uso, tafuta uwazi.

Tairi la nyuma likiganda mwendo ukiwa mdogo na umenyooka, legeza mguu, litarudi kuzunguka. Lakini likiwa limeshatupa mkia pembeni kama lile la Goba, usiachie ghafla, maana tairi likishika tena pikipiki ikiwa imekaa mshazari linaweza kukurusha vibaya kuliko breki ya mbele uliyokuwa unaiogopa. Likiganda la mbele ni kinyume chake: achia mara moja, kisha minya upya taratibu.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu ABS, ile breki inayojizuia yenyewe isigande. Ulaya, tangu 2017, pikipiki mpya zenye zaidi ya cc 125 zinatakiwa ziwe nayo. India, kwa wanaotutengenezea Boxer na TVS, sharti kama hilo lilianza kwa pikipiki mpya zote za ukubwa huo Aprili 2019. Boxer tunazopanda huku hazina. ABS yako ni vidole vyako.

Vidole hivyo viweke tayari kabla ya tukio. Ukiona daladala kituoni, bajaji inayosita, mdomo wa kichochoro, au mtoto mwenye mpira, rudisha resi kidogo na uweke vidole juu ya breki ya mkono. Nusu sekunde utakayookoa, kwa mwendo wa 50, ni karibu mita 7. Pikipiki nyingi za kwetu zina breki za shuu mbele, si za diski, kwa hiyo huenda ukahitaji vidole vyote vinne kuminya kisawasawa. Na acha nafasi. Chagua nguzo ya umeme, gari la mbele likiipita, taja polepole “mia moja na moja, mia moja na mbili.” Ukiifikia nguzo hujamaliza, umekaribia mno. Najua, ukiacha nafasi Dar atakuja bodaboda mwingine aijaze. Muachie, rudi nyuma tena. Utachelewa kufika kwa muda usioweza hata kuchemsha chai.

Kwenye mvua yote haya yanapungua nguvu. Manyunyu ya mwanzo, hasa vuli inapoanza baada ya kiangazi, ndiyo mabaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu mafuta na vumbi la miezi vinaelea juu ya lami na bado havijaoshwa. Michoro myeupe ya pundamilia huteleza ikilowa. Ukishapita kwenye dimbwi, maji yanaingia kwenye breki za shuu na ukiminya hazishiki. Ziguse kidogokidogo huku unaenda mpaka zikauke. Barabara za vilima kama za Goba baada ya mvua hujaa mchanga ulioshushwa kutoka mitaani. Kwenye mchanga, na kwenye kona, punguza mwendo kabla hujafika. Ukijikuta umeshaingia, inyooshe pikipiki kwanza, ndipo ufunge. Mteremko mrefu shuka na gia ya chini, maana breki ukizishikilia muda wote zinapata moto na kulegea.

Ukibeba abiria, uzito wake unakaa nyuma na breki ya nyuma inapata kazi zaidi, lakini umbali wa kusimama unaongezeka. Ukibeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, sina ushauri wa breki wa kukupa.

Sasa chombo chenyewe. Nimekutana na pikipiki ambazo kebo ya breki ya mbele imelegezwa makusudi, mwenyewe anasema “ili isinishtue.” Ukinunua iliyotumika, minya breki ya mkono: ikigusa mpini wa resi kabla haijashika, ipeleke kwa fundi kabla hujaipeleka kazini. Kule gurudumuni, kwenye kile kichuma kinachovutwa na kebo, pikipiki nyingi zina mshale na alama. Breki ikiwa imefungwa mshale ukapita alama, shuu zimekwisha hata kama bado zinashika. Kaza nati ya breki ya nyuma mwenyewe, si kazi ya kulipia fundi. Angalia shokapu za mbele kama zinavuja, kwa sababu oili ikiteremka hadi kwenye breki umekwisha. Fundi akimwagia cheni oili chafu, hakikisha haijafika kwenye tairi. Kisha simamisha pikipiki ikiupa ukuta mgongo giza likiingia, uminye ya mkono peke yake bila mguu, uone kama taa ya breki inawaka ukutani. Nyingi haziwaki. Swichi ya mbele imekufa siku nyingi na hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaitumia, na wa nyuma yako hatajua kwamba unasimama.

Ukibadilisha breki shuu, mpya hazishiki vizuri mara moja. Zinahitaji kusuguana na chuma mpaka zikae sawasawa, kwa hiyo siku za mwanzo zunguka mitaani kwa mwendo mdogo, ukizifunga na kuziachia. Mpwa wangu alizifunga za nyuma mpya saa kumi jioni akataka kuziingiza Morogoro Road saa kumi na moja, foleni imechanganya. Nilimnyang’anya ufunguo.