Leza ya macho: nilichokiona pembeni

Ndugu uliyeuliza kama leza ya kuachana na miwani itakupa katikati safi na pembeni ukungu: mimi nilifanyiwa Nairobi miaka sita iliyopita, namba ya miwani -5.50 macho yote mawili, yaani vya mbali sikuviona vizuri. Naendesha boti kati ya Mokowe na Lamu, na ukiwa majini jahazi halikungoji ugeuze shingo, kwa hiyo swali lako nililiuliza kabla yako.

Leza huchonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho, duara la milimita 6 hivi katikati. Kwa namba kama yangu kinachoondolewa ni kama unene wa unywele mmoja. Nje ya duara konea hubaki na mbinuko wake wa zamani, na mwanga unaoingia mshazari kutoka ubavuni hupita huko zaidi. Hukunjwa kwa nguvu mno, ukakutana mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwa miwani mara nyingi huwa kinyume: katikati sawa, pembeni unakutana nyuma ya retina. Kwa hiyo pembeni hapakubaki vile vile, pamegeuka.

Je, nauona ukungu huo? Hata kidogo. Retina ya pembeni haisomi herufi. Kazi yake ni kushtuka kitu kikisogea. Tena mimi nimefaidi, maana zamani kilichokuwa nje ya fremu kilikuwa moshi mtupu, na ndani ya fremu matone ya maji ya chumvi. Siku hizi mashua ikitokea upande wa Manda naijua kabla sijageuka.

Kilichonitesa ni usiku. Miezi ya mwanzo kila taa ya gatini ilivaa pete, nikadhani ndio huo ukungu wa pembeni. Daktari akanisahihisha: gizani mboni hupanuka, mwanga wa ukingo wa duara ukaingia hadi katikati ya retina. Ni jambo jingine kabisa. Uliza duara lako litakuwa na upana gani kabla hujalipa.

Shemeji yangu naye alisikia kwamba mwanga wa pembeni ukikutana mbele ya retina huzuia jicho kurefuka (likirefuka ndipo namba hupanda), akataka mwanawe wa miaka kumi apigwe leza. La! Ni kweli majaribio ya mtafiti wa macho Earl Smith kule Houston, Marekani, kwa kima wachanga yalionyesha retina ya pembeni inaweza kuongoza ukuaji wa jicho. Lakini leza husubiri miaka 18 na namba itulie. Mtoto ana lenzi ngumu za kulala nazo, zinazobonyeza konea usiku, na ana uwanja wa kuchezea juani.

Na jicho lako halitafupika. Litabaki refu, retina imevutika vile vile, inaweza kuchanika. Ukiona cheche au pazia jeusi ubavuni, usingoje kesho. Mimi hutiwa dawa ya kupanua mboni nikaguliwe kila mwaka, na siku hiyo usukani anashika mdogo wangu.