Faundesheni inaniacha kijivu, na siwezi kutoka bila kuipaka
Mdogo wangu, unasema huthubutu kutoka bila faundesheni, na ukiipaka uso unageuka kijivu. Hapo kosa ni la rangi uliyochagua, si la sura yako. Usijaribie mkononi. Paka mstari mwembamba kwenye taya, subiri dakika 10 (faundesheni nyingine hubadilika rangi zikikauka), kisha jitazame nje mchana. Taa za dukani ni waongo. Inayopotea kwenye ngozi ndiyo yako. Sponji ya kupakia ioshe kwa sabuni kila wiki na uikaushe kabisa, maana ikibaki mbichi hufuga bakteria, chunusi zikaongezeka, nawe ukazidi kupaka. Kuhusu kutoka: wiki hii toka bila kope za bandia tu, wiki ijayo bila faundesheni pia, ubaki na wanja.